Kila Mdudu na Fundi Wake

Kijijini kwetu, wilayani Muheza, mtu akiumwa na mdudu haangaiki kutafuta dawa. Dawa ndizo zinazomtafuta. Yowe la kwanza halijaisha, jirani wa juu ameshafika na kitunguu kilichokatwa, jirani wa bondeni ana majivu, kijana wa bodaboda ambaye hakuna aliyemwita anashauri mafuta ya taa, na pembeni kuna mama mmoja anayeamini dawa ya meno kwa kila kitu isipokuwa meno. Mgonjwa anapakwa vyote. Jioni anavimba, na haijulikani kavimba kwa sumu ya mdudu au kwa kachumbari.

Nyumbani kwa Shangazi, ninapoishi, pana minazi, michungwa, mwembe mmoja mkubwa, na kila mdudu mwenye kuuma ana kiwanja chake. Kwa kuishi nao nimefika mahali pa kusema hivi: mdudu ana kanuni zake, ukizijua mnaishi. Asiye na kanuni ni fundi wa kumwondoa.

Fundi mkuu wa familia yetu ni Shemeji, mume wa dada. Anaishi Dar es Salaam, ambako kinachomuuma ni mbu na kodi ya nyumba, lakini akishuka tu kwenye basi pale Muheza anageuka mtaalamu. "Wadudu ni akili," husema, huku akikunja mikono ya shati. Shangazi akiona mikono ya shati inakunjwa, huanza kuanua nguo kambani.

Alianza na nyigu wa chooni. Choo chetu cha shimo kilikuwa na paa la makuti, na chini ya paa hilo, juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyechuchumaa, nyigu walikuwa wamening'iniza nyumba yao. Ukiwa mahali pale huna shughuli nyingine, unaangalia. Nyigu anatua kwenye mlango wa mbao, anaukwangua kwa meno mpaka mkwaruzo wake unausikia, anautafuna ule unga pamoja na mate, kisha anaenda kuutandaza ukingoni mwa chumba kimojawapo, unakauka ukawa karatasi. Nyumba nzima inashikiliwa na kikonyo kimoja chembamba, nacho wamekipaka kitu cha kuwafukuza sisimizi. Mlango wetu ulikuwa na michirizi myeupe kila mahali walipochota. Kanuni ya kuishi nao ilikuwa nyepesi: ingia polepole, usipunge kanga, usimulike tochi juu. Wageni tuliwaeleza mapema, na wengi waliahirisha haja.

Shemeji akaja na petroli, tambara na mti mrefu. Sitaki kuamini kwamba mtu mzima, tena mwenye leseni ya udereva, anahitaji kuelezwa makuti makavu hufanya nini yakikutana na petroli. Nyigu walitoka kabla moto haujawafikia, wakamsindikiza mpaka ndani ya michungwa. Na mwiba wa nyigu haung'oki. Anachoma, anachomoa, anachoma tena pembeni kidogo. Paa likateketea lote. Majuma yaliyofuata tulijisaidia chini ya nyota, na mvua ikinyesha, chini ya mwavuli. Nyigu nao walirudi, wakajenga kwenye nguzo iliyobaki.

Wapo pia nyigu wa udongo, lakini hao ni wapole, hawana kundi la kulinda. Jike hufinyanga kijumba cha tope, akakijaza buibui aliowachoma wakapooza bila kufa, akataga yai lake humo na kuziba. Mmoja alijenga ndani ya redio ya Shangazi. Fundi redio alipoifungua pale sokoni, bonge la udongo lilipasuka na buibui wakamwagika mezani, miguu ikitikisika. Kijana wa watu aliondoka akaacha kibanda wazi. Redio tulijichukulia wenyewe, na haijawahi kutengemaa.

Yaliyotokea na majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, ndiyo bado yanaleta maneno kwenye misiba na harusi.

Mwembe wa mbele ya nyumba ni wao tangu enzi za Babu. Wanaunga majani mabichi kuwa mapira makubwa: kundi moja linavuta kingo za majani mpaka zikutane, wengine wanakuja wamebeba watoto wao midomoni, wanawapitisha huku na huku, na watoto wanatoa uzi. Cherehani yao ni mtoto mchanga. Mwiba hawana. Wanang'ata, kisha wanapinda tumbo na kunyunyiza asidi palepale kwenye jeraha, jambo ambalo mimi naliona ni uonevu. Babu hakukubali waguswe kwa sababu wanawala wadudu wanaofyonza nazi changa zikapukutika, na watafiti wa kilimo, Unguja na bara, walikuja kusema hivyohivyo kuhusu minazi na mikorosho.

Siku mdogo wangu wa kike alipokuja kuposwa, tulitandika mikeka barazani. Shemeji akaona baraza ni finyu, akaihamishia mikeka chini ya mwembe, kivulini. Alipokumbushwa habari ya wenyeji wa mwembe akasema dawa yao anayo. Akalizungushia shina mstari mnene wa majivu ili wasishuke. Na kweli hawakushuka. Walidondoka.

Mshenga wa upande ule alikuwa mzee wa heshima zake, kanzu imepigwa pasi, koti juu, kofia ya kiua. Akaanza kwa madaha, kwamba wamepita njiani wakaona ua katika bustani yetu. Nilimwona majimoto wa kwanza akitua begani kwake, mwekundu, amechangamka. Akatembea mpaka kwenye ukosi, akasimama, akapungapunga papasi zake hewani, akaingia ndani. Ningefanyaje? Mshenga hakatizwi. Akaingia wa pili. Mzee akakohoa, akaendelea na ua lake. Akaingia msafara. Mzee akajipiga kofi la paja, sisi tukadhani ni msisitizo, na wazee wetu wakatikisa vichwa kwa kuridhika na ufasaha wake.

Hapo ndipo lilipotoka jibu la Shangazi ndani ya nyumba: mahari ni milioni mbili. Upande ule ulikuja na laki nane mfukoni na maelekezo ya kubishana mpaka adhuhuri. Mshenga akaruka wima.

"Ayaya! Ayaya! Ayaya!"

Mzee wa upande wetu, ambaye masikio yake yalistaafu kabla yake, alisikia "Haya, haya, haya." Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi," akasema, akanyanyua mikono. "Al-Fatiha." Na Fatiha ikishaanza kusomwa, nani wa kuikata? Mikono yote ilinyanyuka isipokuwa ya mshenga, ambayo yote miwili ilikuwa ndani ya kanzu. Mpaka leo wale wanasema walidhulumiwa. Sisi tunasema mwenyewe aliitikia, tena mara tatu.

Baada ya hapo Shemeji alitulia, mpaka nyuki walipohamia darini.

Waliingilia kwenye kona ya bati lililochepuka. Mchana tuliwaona wakiingia na kutoka, usiku dari lilinguruma. Baadaye asali ikaanza kudondokea kitanda cha mgeni, na kwa muda tulikuwa nyumba pekee kijijini inayopata wageni bila kuwaalika. Lakini nyuki wa kwetu si wa kuzoeana nao. Mwaka 1956 Warwick Kerr, mtaalamu wa Brazil, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tabora akawapeleka kwao, azalishe nyuki wachapakazi. Mwaka uliofuata makundi 26 yalimtoroka. Wakaenea Amerika ya Kusini, wakapanda Amerika ya Kati, na mwaka 1990 wakaingia Texas, bila viza. Wamarekani walikuwa wameshawatungia filamu za kutisha hata kabla hawajafika. Sisi tunalala nao chini ya bati moja na tunagombania kitanda. Alikuwapo Mmarekani mmoja, Justin Schmidt, aliyeyapanga maumivu ya kuchomwa na wadudu kwa madaraja, la 4 likiwa la juu, na nyuki wa asali akampa 2. Namheshimu sana, ila daraja hilo ni la nyuki mmoja.

Shemeji alipanda ngazi saa saba mchana, jua la utosi. Alivaa kofia ngumu ya bodaboda, koti la mvua, na chandarua kilichofungwa shingoni kwa kamba ya katani, mgongoni pampu ya kupulizia mikorosho. Kwa kweli alipendeza. Chandarua kilikuwa na tundu. Tulilijua sote, maana ndicho tunacholalia, lakini kila mmoja alidhani mwenzake atamwambia.

Tulisikia pampu ikipiga, halafu kimya, halafu neno ambalo sikutegemea kulisikia kwa mtu aliyelelewa chuoni. Shangazi, aliyekuwa sebuleni, akainua pua. "Nani anakula ndizi mbivu humu?"

Hapakuwa na ndizi. Nyuki akichoma, mwiba unabaki kwenye ngozi pamoja na kifuko chake, na hapo hutoka harufu inayofanana mno na ndizi iliyoiva, ya kuwaonyesha wenzake mahali pa kuchoma. Anayefuata anaongeza yake. Kwa muda mfupi nyumba nzima ilinukia ndizi, na Shemeji akashuka. Hakushuka kwa ngazi. Alishuka na ubao wa dari, akatua kwenye kitanda cha mgeni, palepale penye asali, pampu bado iko mgongoni. Tulitawanyika bila kuagana. Mbuzi hatujui alifunguliwa na nani. Tulipofika kwa jirani wa bondeni tulimkuta ameshatangulia.

Majirani wenye vitunguu walifika mpaka kwenye mnazi wa kwanza, wakasikiliza, wakarudi. Ilibidi tumtibu wenyewe. Tulimkwangua miiba kwa kucha, upesi, kwa kuwa kile kifuko hakingoji, kinaendelea kusukuma sumu hata nyuki mwenyewe ameshaondoka. Bahati yake hakubanwa kifua wala hakuvimba ulimi. Angebanwa, hapo hapana cha majivu wala dawa ya meno, ni bodaboda na hospitali.

Baada ya isha Shangazi akamwita mrina asali wa ng'ambo ya mto, mzee mkimya ambaye hajapata kutoa ushauri wa bure maishani mwake. Alikuja na kopo lenye makumbi ya nazi yanayofuka, kisu na ndoo. Glavu hana. Alipuliza moshi kwenye ule uwazi alioacha Shemeji, akakaa chini, akaomba chai. Nyuki wakipata moshi hudhani ni moto, hukimbilia kujaza asali matumboni tayari kwa kuhama, na ile harufu yao ya kuitana haisikiki tena. Alipomaliza chai akapanda, akakata masega moja moja taratibu, akamtafuta malkia, akamtia kwenye mzinga wa gogo, na wengine wakamfuata wenyewe. Shemeji alikuwa akimtazama kwa jicho moja, la pili lilikuwa limefumba.

"Mzee, siri yake ni nini?"

Mzee akafikiri. "Nimekuja usiku."

Ujira wake ulikuwa nusu ya asali. Wakati anaaga, tochi yake ikapita juu ya mlango wa mbele, akaizima mara moja. Pale kuna nyumba ya nyigu, pana kuliko sahani ya pilau, ambayo kila anayetaka kubisha hodi hana budi kusimama chini yake. Sisi wenyewe tunapitia uani. Vijana wa mikopo ya kausha damu, waliokuwa wakija kila Ijumaa mpaka barazani, siku hizi huishia kwenye mchungwa wa mwisho, wakaita kwa mbali mara moja au mbili, wakaondoka.

"Na hawa niwatoe?" mzee akauliza. "Hawa nakutolea bure."

"Hao waache, kaka," Shangazi akasema. "Marejesho yanaisha mwezi wa 12."