Mpangaji Akae Nyuma

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye mkutano wa mtaa. Nilioga mapema, nikavaa lile shati la harusini. Diwani alikuwepo na wataalamu wake wa halmashauri, na ajenda ilikuwa moja tu: mtaro. Mvua ikipiga robo saa, maji yanaingia kwangu bila hodi, yanazibeba ndala zangu hadi uvunguni, yakitoka yanaondoka na sufuria. Kwa habari za mtaro mimi ni profesa.

Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akanikazia macho. "Kijana, wewe ni mwenye nyumba?" Nikasema hapana, napanga kwa mama yule pale mwenye kanga ya njano. "Basi kaa kwanza, tuwasikilize wenye nyumba."

Mama mwenye nyumba akasimama, akasema kwa upande wake maji hayajawahi kumsumbua. Na ni kweli. Anaishi Goba, mlimani.

Sasa jamani, Novemba 27, 2024, siku ya kumchagua mwenyekiti huyuhuyu, nilipanga foleni juani na hakuna aliyeniuliza nyumba ni ya nani. Mwaka 2022, walipopita vijana wa anwani za makazi, aliyewafungulia geti ni mimi. Hata kibao cha namba kilipopigiliwa ukutani, nyundo ilikuwa yangu.

Na kodi ya jengo je? Serikali iliihamishia kwenye umeme wa LUKU mwaka 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ikawa 1,500. Kisheria ni kodi ya mwenye jengo. Lakini mita haimjui mwenye jengo, inamjua aliyenunua umeme. Nyumba yetu ina mita moja na wapangaji sita, na makato yanamwangukia anayenunua wa kwanza mwezi ukianza. Kwa hiyo kuanzia tarehe 28 tunaishi kwa kuviziana. Hakuna anayepiga pasi. Friji la dada wa chumba cha mbele linazimwa "lipumzike". Fundi cherehani wa chumba cha pili huwa amesafiri, ingawa tunamsikia akikohoa. Mwezi uliopita tulikaa gizani siku mbili, watu wazima sita wenye kazi zao, kila mmoja akimsubiri mwenzake ashindwe na joto.

Nikajipa moyo, nikampigia mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Samahani mama, ile elfu moja na mia tano ya jengo tunayokatwa kwenye umeme, tungeweza kuipunguza kwenye kodi ya chumba?"

Kimya. Nikasikia jogoo wa Goba akiwika.

"Kwani baba, kodi yako si inaisha mwezi huu? Sasa ni laki moja na nusu. Niandalie ya miezi sita."

Ilikuwa laki na ishirini. Nikamshukuru, sijui kwa lipi. Kuhama nako kuna dalali, naye anachukua kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kunionyesha mlango.

Mkutano wenyewe uliisha kwa azimio: kila nyumba ichange shilingi 30,000 za kuzibua mtaro wakati halmashauri "inaendelea na mchakato". Wenye nyumba walinyoosha mikono kwa shangwe, nami nyuma huku nikashangaa ukarimu ule. Jioni ujumbe ukaingia kwenye kundi letu la WhatsApp kutoka kwa mama: wapangaji sita, 5,000 kila mmoja, mwisho Jumatatu. Hapo hakuna aliyeambiwa akae kwanza.

Nimelipa. Mtaro haujaguswa. Leo ni tarehe 30, mita inasoma uniti 0.8, na fundi cherehani tayari amesafiri.