Shangazi wa Mapinga: Kochi Limenata, Nani Alipe?

Wiki hii nilitegemea barua za viwanja, maana hapa Mapinga watu hugombania mipaka hata kabla hawajagombania wapenzi. Badala yake nimeletewa gundi, shanga na kuku. Naanza na aliyelia zaidi.

*Shangazi, shikamoo. Naishi Kiharaka, nina watoto wawili. Machinga alipita na vikopo vya slaimu, nikamnunulia mwanangu kimoja ili atulie nipike. Nilipotoka jikoni, slaimu ilikuwa kwenye kochi jipya, na nyingine kichwani mwa mtoto wa wifi yangu, aliyesukwa twende kilioni asubuhi hiyo hiyo. Mume wangu anasema tukishtaki kiwanda cha China. Wifi anasema tumlipe msusi. Kosa ni la nani? – Mama Kochi*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya mahakama, siki. Changanya na maji ya uvuguvugu, lowesha palipoganda, subiri, kisha futa. Slaimu ni gundi nyeupe iliyoshikamanishwa, mara nyingi kwa boraksi, na siki huuvunja mshikamano huo. Jaribu kwanza nyuma ya kochi, mahali wageni wasipopaona. Kichwani tumia mafuta ya nazi na chanuo, na ufumue. Ndiyo, utafumua. Twende kilioni imefika kilioni.

Sasa kesi. Kiwanda kiliahidi kitu kinachonata, kikaleta kitu kinachonata. Ungefungua kikopo ukakuta hakinati, hapo ungekuwa na madai. Kibaya zaidi, ulinunua ukimya, na ukimya wa mtoto wa miaka minne una bei yake, nayo haiandikwi kwenye kikopo. Huyo mumeo naye, barua yako imemtaja mara moja tu, alipofikia kushtaki. Slaimu ilipokuwa inapanda kochi alikuwa wapi?

(Watengenezaji nao hawaaminiki. Ule udongo laini wa Kimarekani uitwao Play-Doh, unaokanyagwa hadi kwenye zulia, ulianza maisha yake kama dawa ya kusafisha karatasi za ukutani zilizochafuliwa na masizi ya makaa ya mawe. Katika miaka ya 1950 ukageuzwa mchezo wa watoto. Kisafishio kikawa kichafuzi, na pesa ikaingia mara mbili.)

Mlipe msusi. Kochi ni lako na la mumeo, nusu kwa nusu. Na vile vitambaa ulivyoviondoa ili majirani walione vizuri, virudishe.

*Shangazi, nina duka dogo kando ya barabara ya Bagamoyo. Nauza zile shanga za maji, ndogo kuliko punje ya mchele, ukizilowesha zinavimba. Nazichukua Kariakoo kwa jumla, kwenye vimfuko visivyo na maandishi. Jana mteja kaja juu, mwanawe kameza. Nikamwambia mimi nauza tu, kumwangalia mtoto ni kazi ya mzazi. Je, nimekosea? – Muuzaji Tu*

Weka gazeti chini umpigie simu huyo mteja. Kama mtoto hajafikishwa hospitali, aende sasa hivi, asilazimishwe kutapika. Shanga hizo hunywa maji, na tumboni maji yapo. Zinaweza kuvimba zikaziba utumbo. Eksirei mara nyingi haizioni, kwa hiyo daktari lazima aambiwe kilichomezwa na aonyeshwe mfuko wake. Mifuko unayo wewe. Funga duka upeleke mmoja.

Simu imepigwa? Tuendelee.

Mzazi ana wajibu, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema hivyo, na hata isingesema bibi zetu walikwishasema. Lakini jicho la mzazi lina mwisho wake. Kwamba slaimu inanata, analiona. Kwamba kipunje hiki kitakuwa gololi ndani ya utumbo, atalionaje kama hakuna aliyemwandikia? Mwaka 2007 kule Australia kulikuwa na shanga za kupangia picha, Bindeez, zilizopewa tuzo ya mchezo bora wa mwaka. Kumbe kemikali ya gundi yake ilikuwa imebadilishwa kwa nyingine ya bei nafuu, ambayo ikimezwa hugeuka mwilini kuwa dawa ya kulevya inayolaza. Watoto wakazimia. Novemba mwaka ule zikaondolewa sokoni. Marekani pekee, zilikokuwa zikiitwa Aqua Dots, ziliitishwa zirudishwe zipatazo milioni 4.2. Utamlaumu mama gani hapo? Hata angekaa na miwani ya babu pembeni ya mtoto, asingeiona kemikali.

Kuhusu hizi zako za maji, Desemba 2023 Amazon, Walmart na Target walitangaza kuacha kuuza zile zinazolengwa kwa watoto. Wao nao walikuwa wauzaji tu.

Hukumu yako: umekosea. Ziondoe rafuni leo. Sheria ya Ushindani ya 2003 inagusa usalama wa bidhaa, na Shirika la Viwango (TBS) na Tume ya Ushindani vipo kwa ajili hiyo. Peleka habari kwa kimojawapo. Aliyekuuzia kwa jumla mwambie hutaki tena mfuko usio na jina la mtengenezaji, umri wa mtoto na onyo. Na kwa huyo mgonjwa usiende mikono mitupu.

*Shangazi, wanangu walikusanya utomvu wa mfenesi wakatengeneza ulimbo wa kunasia ndege. Akanasa kuku wa jirani, na katika purukushani amekufa. Jirani anadai kuku, mayai aliyokuwa akiyaatamia, na vifaranga ambavyo vingeanguliwa. Mimi nasema ni mchezo wa watoto. – Baba wa Kerege*

Kesi yako ndiyo nyepesi kuliko zote. Watengenezaji ni wanao, kiwanda ni uwanja wako, malighafi imetoka kwenye mfenesi wako. Hakuna China ya kusingizia. Lipa kuku, lipa na mayai, kwa pesa taslimu. Vifaranga ambavyo havijaanguliwa vilipe kama Abunuwasi alivyomlipa tajiri aliyedai bei ya harufu ya nyama yake: tikisa sarafu mfukoni, jirani asikie mlio, kisha uzirudishe nyumbani.