Chombo cha Maji ya Magoti

Mtu akitaka kununua gari huulizwa ana kiasi gani. Akitaka kununua chombo cha bahari haulizwi kitu, anaambiwa tu. Tangu nilipotamka barazani Chwaka kwamba natafuta chombo kidogo, kila mpita njia alikuwa na shauri, na kwa bahati ya ajabu chombo alichonishauri kilikuwa chake, au cha shemeji yake, na kilikuwa kinauzwa.

Haja yangu wala si kubwa. Ghuba ya Chwaka ni pana na maji yake ni machache. Ikifika bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa Unguja hukaribia mita 4, na kwa kuwa chini kumelala, bahari hujiondokea ikaenda zake mbali. Lakini kabla haijamaliza kuondoka kuna muda wa neema: maji ya magoti, safi, jua liko mgongoni, samaki unawaona kwa macho. Tasi wanakula majani. Taa anapita akifukua mchanga, na kolekole yuko nyuma yake anaokota kinachofukuliwa. Nami nataka kusimama omo, nimwone samaki kabla hajaniona, nimtupie mshipi. Dema na nyavu nawaachia wenye subira.

Chombo cha uvuvi huo kina masharti yanayogombana. Kizame kidogo, kitulie mtu akisimama, kisipige kelele. Muuzaji atakupa mawili, na la tatu atakulia yamini.

Wa mwanzo kuniita alikuwa mjomba, na mtumbwi wake wa mwembe, gogo moja lililochongwa. "Huu, mwanangu, unapita juu ya umande." Ni kweli, ulipita, madhali nimekaa. Nilipoinuka tu ukanimwaga. Na maji ya magoti hayana heshima. Ukianguka humo huwezi hata kusingizia kwamba ulikuwa unazama. Wanawake waliokuwa wakiokota chaza na kombe wakanyoosha migongo kutazama, na mmoja akaniuliza kwa upole, "Umempata?"

Mjomba hakutikisika. "Umesimama. Mtumbwi hausimamiwi."

"Nisiposimama, mjomba, samaki simwoni."

"Naye hakuoni. Si mmelingana?"

Hoja hiyo mpaka leo sijaipatia jibu.

Nikapelekwa kwenye ngalawa. Hiyo ina matengo yaliyotandazwa pande mbili na ndubi zake, na humo mtu anaweza kuswali sunna asiyumbe. Ila ndubi hupiga maji: pwa, pwa, pwa. Samaki wa maji madogo husikia mtikisiko kabla hajaona kitu, kwa hiyo kila kundi tulilolikaribia lilikuwa limeshaarifiwa. Isitoshe, maji yakijaa samaki huingia vijito vya mikoko upande wa Jozani, na ngalawa haiingii mle. Inabaki mlangoni na mikono yake wazi. Mwenye chombo akapendekeza tufungue ndubi moja tuiache nje, tutaikuta. Nilimshukuru sana.

Kisha akaja shemeji wa jirani na boti ya faiba. Mashine ya farasi 15, turubai la kivuli, viti vya kuegemea, redio. Mashine ya namna hiyo ina kilo karibu 40, na zote zinakaa tezi. Ongeza tangi la petroli, ongeza na shemeji mwenyewe, ambaye kilo zake sitazitaja kwa sababu ya ujirani. Tezi ikazama, omo ikatazama mbinguni, nami niliyepaswa kusimama omo nikawa natazama mawingu. Tulipofika kwenye majani ya bahari, propela ikajifunga. Tukazima, tukachambua, tukawasha, ikajifunga tena. Tulipoinua vichwa maji yalikuwa yametuaga.

Tukapwelewa. Boti ya faiba ikishakaa mchangani na mashine yake, watu wawili hawaisukumi hata wakisoma dua. Maji hupwa saa sita na kujaa saa sita, hayana mkubwa wala mdogo. Redio, lazima niseme ukweli, ilifanya kazi vizuri sana. Tulisikiliza taarifa ya habari, mawaidha, matangazo ya vifo na mpira mzima hadi dakika za nyongeza. Wakulima wa mwani walitupita kwa miguu, na mmoja akauliza kama tumehamia.

Mpwa wangu akaona nateseka, akanionyesha kwenye simu boti za Florida, Marekani, zilizoundwa makusudi kwa uvuvi huu. Nyingi zinazama chini ya sentimita 30. Juu ya mashine kuna jukwaa. Wakifika maji madogo wanainua mashine, mmoja anapanda jukwaani anasukuma boti kwa mti mrefu, mwenzake yuko omo na mshipi. Boti mpya ya sifa huuzwa makumi ya maelfu ya dola. Mjomba akaomba simu, akaishika mbali na macho.

"Huyu si anapiga upondo?"

"Ndiyo, mjomba. Upondo wa kaboni. Mwingine unapita dola 1,000."

Akanirudishia simu, akaagiza kahawa nyingine kwa hesabu yangu.

Mwisho nikaenda kwa fundi, nikamwomba kidau cha mbao chenye tako bapa. Akakataa. "Chombo bila mkuku ni sinia." Tukabishana hadi adhuhuri, tukakubaliana mkuku mwembamba, wa kuridhisha mizimu ya ufundi wake. Kidau hicho ndicho ninacho. Kinavuja kidogo, upo hautoki mkononi, na kusi likivuma linakichukua ubavu likakipeleka linakotaka. Lakini kinasimamika, kinaingia mikokoni, na kikipwelewa nakisukuma.

Jambo ambalo hakuna muuzaji hata mmoja aliyelitaja ni kwamba ukisimama omo, lazima awepo mwingine tezi na upondo. Mjomba amejitolea. Anapiga upondo kwa ustadi ambao Florida wangeulipia, na anaongea kwa ustadi zaidi. Chombo sasa hakipigi kelele hata kidogo; samaki wanakimbia habari za posa ya mwaka 1978.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda kununua chombo cha maji madogo, nenda maji yakipwa, si yakijaa. Simama omo, mwambie muuzaji asimame tezi, kisha mkisukume wenyewe hadi pwani. Akikwambia siku hiyo ana udhuru, rudi nyumbani. Na kama bado unataka ya faiba, ya shemeji haijapata mnunuzi. Redio ni nzima.