Jeraha la Ugali Mbichi: Barua ya Wazi kwa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza

Port Victoria,
Bunyala, Kaunti ya Busia,
Kenya.

Kwa Mkuu wa Kumbukumbu za Utumishi,
Wizara ya Ulinzi,
London.

KUH: OMBI LA KUSAHIHISHA REKODI ZA WAPAGAZI WA VITA KUU YA KWANZA

Mheshimiwa,

Nakusalimu kutoka ukingo wa ziwa ambalo watu wenu walilipa jina la malkia wao. Jina hilo hilo likateremka hadi bandarini kwetu, na reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, Kisumu nako kukaitwa Port Florence kwa heshima ya mke wa mhandisi. Meli nazo hazikusahauliwa: Winifred, Sybil, Clement Hill, Usoga. Kwa hiyo sikuandikii nikidhani ofisi yako ilikosa wino, wala kwamba watu wenu ni wazito wa kutaja majina.

Inajulikana kwamba askari wa zamani akiona faili lake halitaji jeraha alilopata vitani, anaweza kuomba lisahihishwe. Analeta cheti cha hospitali, analeta shahidi aliyemwona akianguka, na karani akishakuna kichwa vya kutosha, jeraha linaandikwa. Huo ni ustaarabu. Nasi wa jimbo la zamani la Nyanza tunaomba huduma hiyo hiyo kwa wazee wetu, ingawa wamechelewa kidogo kufika dirishani: wote wameshakufa.

Nawazungumzia wapagazi wa Kariakor, kikosi kilichoundwa mwaka 1914 chini ya Oscar Watkins ili kubeba risasi, unga na mahema ya jeshi lenu lilipokuwa likimfukuza kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, kutoka pori moja hadi jingine. Malori yalikwama matopeni, ng'ombe na farasi waliuawa na mbung'o, ikabaki shingo ya mwanadamu. Mwaka 1917, shingo zilipopungua, mlimkabidhi John Ainsworth kazi ya kuzitafuta. Alitufahamu vizuri, maana alikuwa ametutawala miaka mingi akiwa mkuu wa jimbo hapa Nyanza. Machifu wakaambiwa walete vijana, nao wakaleta. Wanahistoria wanakadiria kuwa wapagazi waliokufa upande wenu katika vita vile wanakaribia laki moja.

Sasa nije kwenye jeraha.

Mwaka 1916 jeshi lenu lilianzisha utepe wa dhahabu, urefu wake inchi mbili, wa kushonwa kwenye mkono wa kushoto wa koti la aliyejeruhiwa. Utaratibu mzuri sana. Kwetu sisi ulikwama mahali pawili. Kwanza, utepe unahitaji koti, na mpagazi alijulikana kwa blanketi. Hilo tungelimaliza kwa sindano na uzi. Pili, jeraha sharti litokane na adui, na hapo ndipo naomba ukae vizuri kwenye kiti, kwa sababu itabidi tujadili mapishi.

Kijana aliyetoka Bunyala, Alego au Maragoli alikuwa amelelewa kwa wimbi na mtama uliosagwa ukalainika, kwa samaki, kwa maziwa, kwa mboga. Kambini alikuta unga wa mahindi, tena wa chenga. Mahindi si sumu. Leo tunayala asubuhi na jioni. Lakini mpishi yeyote wa huku, hata mtoto anayesonga kwa mara ya kwanza huku akipigiwa kelele na shangazi zake, atakwambia ugali hauandaliwi kwa haraka. Maji yachemke hasa. Unga uingie kidogo kidogo. Mwiko ufanye kazi mpaka ugali uache kushika kando za sufuria, halafu ufunikwe moto ukiwa umepunguzwa, harufu ibadilike. Ukiupakua kabla ya hapo, umepakua uji mgumu wenye mchanga ndani.

Mpagazi alifika kambini jua limekwisha kuzama, ameshinda na mzigo kichwani. Mvua inanyesha. Kuni zimelowa. Chungu ni kimoja na wanaokingojea ni wengi, na wa mwisho katika foleni hawezi kumsubiri wa kwanza asonge mpaka uive. Unga ukaingia kwenye maji ya vuguvugu, ukakorogwa, ukaliwa. Madaktari wenu wenyewe walikuja kuona matokeo: chenga zisizoiva ziliwakwangua watu matumbo, kuhara kukaanza, kukageuka kuhara damu, na mtu aliyeondoka kwao akiwa na nguvu za kuvuta nyavu akawa hawezi kuinuka. Pamoja na malaria na homa ya mapafu, kuhara huko ndiko kulikowamaliza. Risasi ya Mjerumani ilikuja nyuma kabisa katika orodha hiyo.

Kwa hiyo naomba fomu zijazwe upya hivi. Aina ya jeraha: ugali mbichi. Mahali lilipo: tumboni. Silaha: unga wa chenga. Jina la adui: bohari la jeshi.

Najua kipengele hicho cha mwisho kitasumbua. Karani wako atasema bohari lilikuwa lenu, na mtu hawezi kuhesabiwa kuwa amejeruhiwa na adui ikiwa aliyemjeruhi ndiye aliyemwajiri. Mwambie aangalie matokeo. Mjerumani alikuwa na bunduki, mizinga na miaka minne, na bado hakuwafikia wapagazi wengi kama waliofikiwa na bohari. Kama kuna nishani ya ufanisi, mpeni mtunza stoo.

Kuhusu vidole vya miguu vilivyoliwa na funza sitarefusha. Watu walitembea peku hadi mito ya kusini mwa Tanganyika. Funza hakuwa na sare, kwa hiyo nakubali kwamba ni vigumu kuthibitisha alikuwa upande gani.

Utanijibu, Mheshimiwa, kwamba hakuna kumbukumbu. Kwamba watu hawa walikuwa wengi, majina yao yanafanana, na wakati ule haikuwezekana kumwandika Mwafrika mmoja mmoja. Jibu hilo ningelipokea kwa mikono miwili kama si kipande. Vita vilimalizika mwaka 1918, na kufikia mwaka 1920 serikali ile ile ya koloni ilikuwa inamvisha kila mwanamume Mwafrika kikopo cha bati shingoni. Ndani yake kulikuwa na karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la mzungu aliyemwajiri, mshahara aliopewa na siku aliyoachishwa kazi. Akitoroka shamba la kahawa Thika, alisakwa hadi kijijini kwao. Mtu huyo huyo, miaka mitatu kabla, alikuwa haandikiki! Ni kama uwezo wa kusoma na kuandika uliingia koloni hili kwa meli moja na walowezi.

Kosa jingine dogo, tukiwa tumeshalifungua faili. Kwenye nafasi ya kabila mlizoea kutuandika sote Kavirondo, Mjaluo na Mluhya kwenye kapu moja. Ghuba ya Kisumu nayo mliiita Kavirondo. Tagi la kuvuta meli lililokuwa likifanya kazi ziwani wakati wa vita nalo liliitwa Kavirondo. Naomba tu uhakikishe kwamba katika orodha zenu za waliopotea hakuna mahali tagi limelipwa mshahara wa mtu. Mishahara isiyodaiwa ya wapagazi waliokufa ilibaki mikononi mwa serikali. Watkins, ambaye alikuwa mzungu wenu, alipiga kelele miaka na miaka ilipwe, na Hazina yenu ikakataa. Angalau tagi lingefaidika.

Ipo pia hoja ya makaburi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 maofisa wa Tume ya Makaburi ya Vita waliandikiana kwamba wenyeji waliokufa walikuwa nusu-washenzi, watu wasiotilia maanani kaburi la mtu wao, hivyo jiwe lenye jina lingekuwa gharama ya bure. Na wazee wetu wa Nyanza walikuwa miongoni mwa wenyeji hao! Wakili S. M. Otieno wa huku kwetu Nyanza alifariki dunia Desemba 1986, na ukoo wake ukavutana na mjane wake mahakamani kuhusu mahali pa kumzika, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufani, nchi nzima ikisoma magazeti kila asubuhi, mpaka akazikwa Nyalgunga mwezi Mei 1987. Miezi mitano kwa kaburi moja. Hao ndio wajukuu wa watu wasiojali makaburi.

Haki ni haki, lazima niwashukuru kwa mliyokwisha kufanya. Mwaka 2021 Tume hiyo ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wenu wa Ulinzi wakati huo, Ben Wallace, akasimama bungeni akaomba radhi. Mwaka 2023 Mfalme Charles alikuja Nairobi, akawapa wazee wa Vita Kuu ya Pili nishani mpya badala ya zile walizopoteza. Nilifurahi kuona wazee wale wakishikwa mkono. Lakini nishani hupewa aliyefaulu kuishi mpaka mgeni afike, na wa Kariakor hawakuwa na bahati hiyo. Radhi nayo iliombwa kwa sababu ya majina na mawe ya makaburi. Tumbo halikutajwa.

Usiogope gharama, Mheshimiwa. Hakuna pensheni tunayodai katika barua hii. Madai ya mishahara yatakuja na barua yake. Tunachoomba ni kwamba pale ambapo vitabu vyenu vinasema wapagazi wa Nyanza walikufa kwa maradhi, kana kwamba waliugua wakiwa kwao kitandani, paongezwe kwamba waliuawa na chakula walichopewa na jeshi, na kwamba jeshi lilijulishwa na madaktari wake. Andikeni pia jina la kila mmoja ambaye jina lake lipo kwenye karatasi zozote, ziwe katika hifadhi ya nyaraka ya Kew au ya Nairobi.

Nawe msomaji wa Bunyala, Yimbo, Alego au Kisumu unayesoma barua isiyo yako: kama nyumbani kwenu kuna mzee anayejua jina la babu aliyekwenda Kariakor asirudi, mwandike leo, jina lake, jina la baba yake na kijiji chake. Wizara itahitaji shahidi, na mashahidi wetu wanaisha.

Wako mtiifu, kwa mara ya mwisho,

Mwananchi wa Port Victoria

Nakala kwa: Hazina ya Uingereza, kwa taarifa na maandalizi.