Mota Inakimbia, Zege Limetulia

Kuna mashine huko Marekani inayojituma kweli kweli na haifanyi kitu. Aliitengeneza msanii Arthur Ganson mwaka 1992, akaiita Machine with Concrete. Upande mmoja ina mota ndogo ya umeme inayozunguka mara 200 hivi kwa dakika. Upande wa pili, gia ya mwisho imezikwa ndani ya bonge la zege, nayo zege limekauka zamani. Mota inazunguka. Zege halipasuki, mota haiungui, hakuna kinachokwama. Katikati yao ziko jozi 12 za gia, na siri yote iko hapo.

Niliwaonyesha video yake wenzangu wa kijiwe cha kahawa, mtaani kwetu Tanga. Fundi baiskeli akaitazama kwa makini, kisha akasema aliwahi kuajiri kijana wa namna hiyo. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na pale kijiweni cheo hicho hakinipi hata kikombe cha bure, lakini siku ile niliomba karatasi na wakanipa nafasi.

Kila jozi, nikawaambia, ni skrubu nene iliyolala juu ya gurudumu la meno. Skrubu ikizunguka mara moja kamili, gurudumu linasogea jino moja. Lina meno 50, kwa hiyo mwendo unapungua mara 50. Gurudumu hilo nalo limeshika skrubu inayofuata, na hesabu inaanza upya. Gurudumu la kwanza linamaliza mzunguko kwa sekunde 15. La pili, dakika 12 na nusu. La tatu, zaidi ya saa kumi. La nne, karibu siku 22. Hapo bado walikuwa wanakunywa kahawa. La tano linachukua miaka mitatu, na la sita miaka kama 148, maana yake gurudumu lililoanza safari Barghash bin Said akiwa Sultani wa Zanzibar ndiyo kwanza linarudi lilipotoka. La saba, miaka 7,400. Mzee mmoja akaweka kikombe chini.

La kumi ni miaka milioni 930. La kumi na moja ni miaka bilioni 46, na ulimwengu mzima, pamoja na nyota zake, una umri wa miaka bilioni 13.8 tu. La kumi na mbili, lile lililomo ndani ya zege, linahitaji miaka trilioni 2.3 kuzunguka mara moja.

"Basi mwenye nalo amelifungia la nini?" akauliza yule mzee.

Kwa mbwembwe, Mzee wangu. Jibu lingine sina. Na kama ni mbwembwe, yupo Mholanzi aliyempita Ganson. Daniel de Bruin alipotimiza sekunde bilioni moja duniani, yaani miaka 31 na miezi minane hivi, alisherehekea kwa kuunda mashine ya gia 100, kila moja ikipunguza mwendo mara 10. Ili gia ya mwisho izunguke mara moja, ya kwanza lazima izunguke mara nyingi kiasi kwamba idadi yake huandikwa 1 ikifuatwa na sifuri 100. Ilikuwa mwaka 2020. Mzee akauliza kama huyo kijana ameoa.

Swali la maana lilitoka kwa fundi baiskeli, kama kawaida. "Mwalimu, hizo gia hazichezi?" Zinacheza, na hapo ndipo utamu ulipo. Gia zikibanwa kabisa zinakwama, kwa hiyo fundi yeyote huacha upenyo kidogo kati ya jino na jino. Chukulia upenyo huo ni sehemu ya kumi tu ya jino. Gurudumu la saba linasogea jino moja kwa miaka 148, hivyo skrubu yake itasafiri karibu miaka 15 kuvuka upenyo kabla haijaligusa. Ya la nane itahitaji zaidi ya miaka 700. Hata kama mota isingezimwa tangu 1992, gurudumu la saba lingekuwa limeshtuka baada ya miaka hiyo 15, na kuanzia la nane kwenda mbele hakuna lenye habari kwamba kuna mota. Zege lile linazuia kitu ambacho hakijafika.

Na kikifika? Tuseme gurudumu la mwisho lina mzingo wa sentimita 30. Ukingo wake utasogea upana wa atomu moja kwa zaidi ya miaka 700. Joto la kawaida la chumbani linazitikisa atomu zake kila sekunde kwa umbali mkubwa kuliko ule ambao ukingo unasogea kwa mwaka mzima.

Dereva mmoja wa lori hakujali atomu. Yeye alitaka kujua habari ya nguvu, kwa sababu mizani ya gia haijawahi kumpunja mtu: ukipunguziwa mwendo mara 50, unaongezewa nguvu ya kuzungusha mara 50, ukiondoa inayoliwa na msuguano. Mara 50 hizo zikizidishana mara 12, mota ndogo inapewa nguvu mara bilioni 244 za bilioni. Skrubu za aina hii zina ulafi, zinaweza kula zaidi ya nusu ya nguvu katika kila jozi. Wacha zile. Kinachobaki, kwenye karatasi, bado kingeng'oa minazi yote ya Pangani pamoja na kituo cha polisi. Kwenye chuma halisi meno yangevunjika mapema sana. Dereva alikuwa na lori limezama matopeni njia ya Handeni, akauliza kama mashine hiyo inaweza kulitoa. Inaweza, nikamwambia. Lori litatoka. Sisi ndio hatutakuwepo.

Akageuza swali, na mtu anayegeuza swali hivyo alistahili kukaa darasani kwangu: je, ukilishika gurudumu la mwisho ukalizungusha kwa mkono, mota si itakimbia sana? Ingekimbia. Ukilizungusha mara moja kwa sekunde, ekseli ya mota, hata iwe nyembamba yenye mzingo wa sentimita moja, ingetakiwa kwenda mara bilioni nane ya mwendo wa nuru. Maumbile hayaruhusu. Lakini huhitaji kufika kwenye nuru, maana utashindwa kwenye jozi ya kwanza tu. Skrubu inalisukuma gurudumu; gurudumu haliisukumi skrubu. Mlalo wa ond yake ni mdogo mno, na ukizidisha nguvu, msuguano nao unazidi kwa kiasi kilekile. Unasukuma na kujizuia kwa wakati mmoja.

Hayo yalibaki maneno ya kijiweni mpaka jioni ambayo mama mkwe alishuka kutoka Lushoto.

Nyumba tunayopanga ina geti la kuteleza lenye mota. Mwenye nyumba alikiziba kilango cha pembeni, kwa hoja kwamba kinakaribisha wezi. Ndani ya boksi la mota mna skrubu moja na gurudumu moja la meno, ndugu wa karibu wa zile 12. Mota inazunguka kama mara 1,400 kwa dakika, geti linatembea mita 10 hivi kwa dakika hiyohiyo, mwendo wa bwana harusi. Mimi na mama watoto tulikwenda stendi kumpokea mgeni. Tuliporudi, mtaa ulikuwa giza. Umeme umekatika.

Geti la namna hii lina ufunguo wa dharura, unaolegeza gia ili lisukumwe kwa mkono. Fundi aliyelifunga aliutundika wetu nyuma ya mlango wa jikoni, akasema hapo hautapotea. Kweli, haukupotea.

"Shikamoo mama, tusubiri kidogo," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Kwani geti la kwenu halina mkono?"

Watu waliotoka kuswali Isha wakatuona. Wanaume sita wenye kanzu wakajipanga kwenye bati. Niliwaeleza kuhusu mlalo wa ond. Nilieleza vizuri, nadhani, kuliko nilivyowahi kueleza kidato cha tatu. Mmoja akanigusa bega kwa upole: "Mwalimu, shika pale." Nikashika. Haya, moja, mbili, tatu! Geti halikutoa hata mlio. Kijana akashauri tulitikise, tukalitikisa, likacheza upana wa kucha, upenyo uleule wa fundi baiskeli, kisha likatulia. Hapo wote wakapiga kelele za ushindi, kwa kuwa wameliona likisogea. Mama mkwe aliketi juu ya mzigo wake, akamenya peasi, akampa kila msukumaji kipande.

Walikuwa kwenye "tatu" ya sijui ngapi umeme uliporudi. Mama watoto, bila kusema neno, akabonyeza rimoti. Geti likaanza kwenda.

"Linakuja! Linakuja! Msiliachie!"

Hawakuliachia. Walilisukuma hadi mwisho, jasho linawatiririka, na geti likatembea mita 10 zake kwa dakika, si chini si zaidi, kwa sababu gurudumu haliwezi kuiharakisha skrubu kama lisivyoweza kuirudisha nyuma. Taa za mtaa mzima zilikuwa zimewaka juu ya vichwa vyao. Hakuna aliyetazama juu. Walipongezana, wakakung'uta kanzu, na mmoja akaniambia nisitegemee sana vitabu. Mama mkwe aliwashukuru mmoja mmoja, na hadi leo akisimulia safari ile Lushoto anasema watu wa Tanga wana nguvu, isipokuwa mkwewe, yeye anazungumza.

Sikubishana. Fizikia ilikuwa upande wangu na ilinisaidia kama zege linavyoisaidia mashine ya Ganson. Lakini wewe unayesoma, kama una geti la mota, toka sasa hivi ukaangalie ufunguo wa dharura umewekwa upande gani wa ukuta. Ukiukuta nyuma ya mlango wa jikoni, mpe jirani mmoja nakala yake, tena jirani mwenye simu inayopokelewa.