Kuchi na Mgeni Rasmi

Kila maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, kuku aina ya kuchi hupata heshima asiyoijua kijijini. Huogeshwa, husafishwa makucha, huwekwa kwenye kizimba chenye kivuli, na mgeni rasmi huinama kusikia sifa za shingo ndefu na kifua kipana. Kuku wenzake wa kienyeji, kishingo, kibwenzi na kibutu, nao wapo, wanakodolewa macho kama watalii, ilhali wamezaliwa uani kwetu. Hotuba yasema mbegu za asili zilindwe. Makofi. Kisha msafara waenda kula: kuku wa kisasa wa wiki 6, na chipsi. (Tusiwalaumu, kuchi ana nyama ngumu, na bei ngumu zaidi.) Waheshimiwa, punguzeni hotuba, leteni chanjo ya ugonjwa wa kideri. Ni tone moja tu la jichoni.