Sifa za Beki wa Milioni Nne

Kila Agosti mamilioni ya watu, wakiwemo watu wazima wenye familia na madeni ya Sacco, hukabidhiwa pauni milioni 100 za hewani na kuambiwa wasajili wachezaji 15 wa Ligi Kuu ya England: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu, wasizidi watatu kutoka klabu moja. Mchezo wenyewe ndio Fantasy Premier League. Katika hao 15 yupo mmoja ambaye hasifiwi na mtu. Ni beki wa milioni nne, anayesugua benchi wiki nenda wiki rudi, na ambaye bosi wake akiulizwa jina lake ghafla inabidi afungue simu. Mimi namwona kuwa ndiye mhimili wa timu.

Tuanze na hesabu. Mwanzoni mwa msimu wa 2024/25 Erling Haaland aliuzwa milioni 15, Mohamed Salah 12.5, Cole Palmer 10.5 na Bukayo Saka 10. Ukiwachukua wote wanne, maana moyo hauna adabu, umekwisha kula milioni 48. Zimebaki 52 na nafasi 11 zinakukodolea macho. Hapo ndipo beki wetu anapobisha hodi. Haulizi atacheza namba ngapi, haulizi unahodha. Anataka milioni nne na mahali pa kukaa. Mletee kipa wa bei hiyohiyo, beki mwenzake wa bei hiyohiyo na mshambuliaji wa milioni nne na nusu, na benchi lako lote limegharimu milioni 16.5. Watu wanne wazima, kwa pamoja, wamemzidi Mnorwe mmoja kwa milioni moja na nusu tu.

Msimu huo Salah alimaliza na pointi 344, rekodi ya mchezo huu, na vijiwe vyote vilimshangilia. Ni sawa. Ila fedha za kumnunua zilitoka kwa watu ambao kazi yao ilikuwa kutokuwepo, na kazi hiyo waliifanya kwa bidii.

Tena uaminifu wa beki huyu hauna kifani. Staa ni mtu wa kukuchosha. Ijumaa kocha wake anahojiwa na kusema watamwangalia mazoezini. Jumamosi umempa unahodha ili pointi zake zizidishwe mara mbili. Timu inatoka, na kocha ameamua kumpumzisha. Beki wa milioni nne hajawahi kumfanyia mtu hivyo. Ulimsajili ukijua hachezi, na hachezi. Akipelekwa kwa mkopo daraja la chini katikati ya msimu, habari hiyo huwa haibadilishi chochote, na ni wachezaji wangapi wa kulipwa wanaoweza kujisifia utulivu huo?

Kwa wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam ana faida nyingine. Usajili hufungwa saa moja na nusu kabla ya mechi ya kwanza, na Jumamosi nyingi za majira ya baridi ya Uingereza muda huo wa kufunga kwetu ni saa nane mchana, wakati mtu mwenye heshima zake yuko kwenye arusi au msibani. Mwishoni mwa Machi Waingereza huzisogeza saa zao mbele bila kutushauri, na saa nane inageuka saa saba. Nimeona wajomba wakiinamisha vichwa katikati ya dua, bwana harusi akidhani wameguswa, kumbe wanabadilisha nahodha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuinamisha kichwa kwa ajili ya beki wa milioni nne.

Wapo wanaomlaumu, na lawama yao kubwa ni kwamba siku nyingine hucheza. Hili limetokea. Msimu wa 2019/20 waandaaji walimworodhesha John Lundstram wa Sheffield United kuwa beki, milioni nne taslimu. Kocha Chris Wilder akawa anampanga kiungo. Novemba 2 walikutana na Burnley, wakashinda 3-0, na Lundstram akafunga mawili. Bao la beki ni pointi sita, kwa hiyo 12, kutofungwa, nne, dakika zake, mbili, bonasi, tatu. Jumla 21. Aliyekuwa amemwanzisha alilala usingizi mnono. Aliyekuwa amemwacha benchi alizitazama pointi 21 zikiwa pale chini, kwa maandishi safi, zisizohesabiwa. Nasisitiza kwamba kosa si la Lundstram. Yeye alifanya ukarimu. Mwenye nyumba ndiye hakutandika mkeka.

Sheria ya mchezo inasema wa benchi huingia pale tu ambapo mmoja wa 11 wa kwanza hakugusa uwanja kabisa. Kwa hiyo staa wako wa milioni kumi na ushei akiingizwa dakika ya 89, akapiga pasi moja ya nyuma na kupata kadi ya njano, ana pointi sifuri, na sifuri hiyo inalindwa na kanuni. Kinda wako wa benchi aliyefunga kwa kichwa anaendelea kukaa. Halalamiki, na wala hana namna ya kujua.

Hata akipanda thamani anajua adabu. Mchezo hukupa nusu tu ya faida, tena kwa kushusha, hivyo akipanda kutoka 4.0 hadi 4.1 na ukamuuza, unarudishiwa 4.0. Amekutajirisha bila kukuvuruga kisaikolojia.

Na ipo wiki yake. Kuna turufu iitwayo Bench Boost, ambayo pointi za benchi lote hujumlishwa. Mwenye timu huitunza kwa miezi, akikokotoa ratiba, akipeleka ujumbe wa sauti wa dakika nne kwenye kundi la WhatsApp kueleza kwa nini ni wiki hii na si ijayo. Siku ikifika, beki wetu anapangwa kweli, kwa dakika zote 90, ugenini, dhidi ya timu inayotafuta ubingwa. Wanafungwa manne. Dakika zinampa pointi mbili. Kila mabao mawili yaliyoingia yanamtoa moja, kwa hiyo mbili zimeondoka. Dakika ya 80 anamvuta winga jezi na kupewa kadi ya njano, moja nyingine. Jumla ni hasi moja, na hii inahesabiwa.